Tupa Isitangulie Rula

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu mmoja, fundi mitambo wa hapa Katoro, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu, na wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, katika mkutano wa mwaka. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, pamoja na maswali matatu yaliyofuata. – Mhariri)



Ndugu Katibu amenipa nusu saa, naye amenionya nisizungumzie maendeleo kwa jumla, maana hayo yamekwisha kuzungumzwa tangu asubuhi. (Kicheko.) Nitasema juu ya baiskeli zenye injini. Mmeziona. Ni baiskeli ya kawaida, Phoenix au nyingine yoyote, iliyofungwa injini ndogo ya mipigo miwili katikati ya fremu, tangi juu ya bomba la fremu, na mnyororo wa pili upande wa kushoto. Zinapigia kelele shule hii kila asubuhi, na Ndugu Mkuu wa Shule amenieleza kwamba anafikiria kuzipiga marufuku. Nimemwomba asubiri mpaka nimalize kusema.

Nimechaguliwa mimi kwa sababu injini hizo huletwa kwangu zikiwa zimekwisha kufa. Kijana anafika na injini ndani ya mfuko wa salfeti, anasema, "Fundi, imenoki." Ninafungua silinda, ninakuta tundu la moshi limechongwa kwa tupa mpaka limekuwa kama mdomo wa pango, ringi imevunjika, pistoni ina mikwaruzo juu mpaka chini. Ninamuuliza, ulichonga kiasi gani? Hajui. Ulipima kwa nini? Hakupima. Alionyeshwa katika simu na mtu wa nchi nyingine mwenye injini nyingine.

Sasa fikirini bei ya injini ile. Baadhi yenu, na sitaomba mnyooshe mikono, mliitafuta fedha hiyo wakati wa likizo huko Rwamgasa na Nyarugusu, mkibeba mifuko ya mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha. Likizo nzima ya mgongo wa kijana inakwisha kwa alasiri moja ya tupa. Hilo ndilo linaloniuma, wala si kelele.

Kwanza niseme kwamba kitu chenyewe si cha kuchekwa. Wafaransa walianza kuuza Solex mwaka 1946, baiskeli yenye injini juu ya gurudumu la mbele, na wakaziuza kwa mamilioni. Kampuni ya TVS ya India, ambayo pikipiki zake ndizo baadhi yenu mlizopanda kuja hapa leo, iliingia katika biashara ya vyombo vya magurudumu mawili mwaka 1980 kwa TVS 50, kipikipiki kidogo cha mipigo miwili chenye pedali. Leo karibu pikipiki zote za abiria mjini hapa ni za mipigo minne. Injini ya mipigo miwili imebaki kwenye misumeno ya kukatia miti, kwenye hizi baiskeli zenu, na ziwani. Aliyewahi kushuka Nkome akamwona mvuvi anachanganya oili na petroli kabla ya kuwasha Yamaha yake ameiona.

Tuingie ndani ya silinda. Injini hii haina vali kichwani. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ukutani mwa silinda kuna matundu: moja la kuingizia hewa na petroli, moja la kutolea moshi, na mengine mawili ya pembeni yanayopitisha mchanganyiko kutoka chini kwenda juu. Pistoni ikipanda, inavuta mchanganyiko mpya ndani ya kesi ya kranki iliyo chini yake, na wakati uo huo inaugandamiza ule ulio juu yake. Moto ukiwaka, pistoni inasukumwa chini. Inafungua kwanza tundu la moshi, kisha yale ya pembeni, na mchanganyiko uliobanwa kule chini unaruka juu na kuusukuma moshi nje. Kila mzunguko mmoja wa kranki, moto mmoja. Ya mipigo minne hungoja mizunguko miwili.

Warongo waliokuwa wakiyeyusha chuma katika nchi hii ya Geita na Uzinza, zamani kabla ya mgodi mkubwa, wangeielewa mara moja. Ni mvukuto. Kesi ya kranki ndiyo mvukuto, silinda ndiyo tanuri. Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath aliuandikisha mpango huu mwaka 1891, na mfanyakazi wake, Frederick Cock, akauboresha kwa kuifanya pistoni ifungue na kufunga matundu yote. Mpaka leo injini iliyoko mezani hapa mbele yenu haina tofauti kubwa na ya kwao.

Nimewapa habari hii kwa sababu moja. Ukitaka nguvu zaidi kutoka kwenye mvukuto, jambo la kwanza ni kuhakikisha ngozi yake haijatoboka. Gasketi chini ya silinda, sili mbili za shafti ya kranki, na kiungo cha kabureta: hapo hewa ikipenya, huna injini, hata uchonge mpaka asubuhi. Tena hewa ya wizi hupunguza petroli ndani ya mchanganyiko, na pistoni inapata joto kupita kiasi. Nyingi katika hizo zilizokufa zilikuwa zinavuta hewa pembeni siku nyingi kabla mwenyewe hajashika tupa.

Jambo la pili, msiamini maandishi ya kwenye boksi. Injini hizi huuzwa kwa jina la "80". Wa Kidato cha Tatu, andikeni: kipenyo cha silinda ni milimita 47, mwendo wa pistoni ni milimita 38. Nusu kipenyo ni sentimita 2.35. Zidisheni kwa yenyewe, mara 3.14, mara 3.8. Mmepata ngapi? (Sauti: 65.9!) Vema. Kwa hiyo mmeuziwa 66, mkaambiwa 80. Ukitengeneza mahesabu yako yote juu ya 80, umeanza kwa uongo wa mwenye duka.

Sasa mwendo. Kijana akisema "nataka nguvu," mara nyingi maana yake ni kwamba anataka kwenda mbio, na hayo ni mambo mawili. Ndani ya injini hii kranki inazunguka mara 4.1 ili spoketi ndogo izunguke mara 1. Spoketi ndogo ina meno 10, ya gurudumu la nyuma ina 44. Jumla, kranki inazunguka mara 18 hivi kwa mzunguko 1 wa gurudumu. Gurudumu la baiskeli ya inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 hivi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, unakwenda kilomita 36 au 37 kwa saa. Badilisha spoketi ya nyuma, weka ya meno 36, usiguse kitu kingine: kwa mizunguko ile ile utakwenda karibu kilomita 45. Tupa haikugusa chuma. Utakacholipa ni mlimani, ambako sasa itakubidi upige pedali kuisaidia, na wakati wa kuondoka ukiwa na mzigo. Anayebeba ndizi nyuma abaki na 44. Anayekwenda shule peke yake kwenye barabara ya lami anaweza kuteremka hadi 36.

Lakini hapo ndipo ninaposimama mlangoni mwa karakana yangu na kukataa. Sibadilishi spoketi ya mtu kabla sijaona breki zake. Baiskeli hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kilomita 15 au 18 kwa saa. Mwalimu wa fizikia yupo hapa, atanisahihisha: mwendo ukiwa mara 2, nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda inakuwa mara 4, na umbali wa kusimama unakuwa mara 4. Aliyekuwa akisimama kwa mita 5 anahitaji 20. Na breki zenyewe ni zile za fimbo za chuma, vipande viwili vya mpira juu ya rimu ya chuma. Mvua ya Novemba ikinyesha, mpira ule unateleza juu ya rimu kama sabuni. Spoketi ya nyuma nayo imefungwa juu ya spoku kwa vipande vya mpira na boliti 9. Spoku zikianza kukatika moja moja, gurudumu linayumba, na mnyororo unaweza kuruka na kujifunga ndani yake. Kazeni boliti hizo kila wiki. Kwa breki, mafundi wa kulehemu wa Katoro, ambao huwatengenezea wachimbaji makarasha, hawashindwi kukufungia gurudumu la mbele la pikipiki ndogo lenye breki ya dramu. Gharama yake ni kubwa, najua. Mguu una gharama kubwa zaidi.

Nisiende mbali, nirudi kwenye injini. Sisi hapa tunaishi juu. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Katoro iko juu ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi hivi. Kabureta iliyotoka kiwandani imewekewa jeti ya mahali palipo chini, kwa hiyo huku inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ndiyo maana injini mpya inakohoa, inaruka moto, inatema oili nyeusi kwenye ekzosi, na mwenyewe anadhani haina nguvu. Ina nguvu, imeshiba kupita kiasi. Jeti ndogo kwa hatua moja mara nyingi huifanya injini iamke kama iliyotoka usingizini. Kisha itazameni plagi. Endesha kilomita kadhaa kwa kasi, zima ghafla, fungua plagi. Rangi ya kahawia kama ya chai ya maziwa, vizuri. Nyeusi yenye mafuta, bado petroli ni nyingi. Nyeupe kama chokaa, rudisha jeti ya zamani siku hiyo hiyo, maana pistoni inaungua. Na anayehamia Dar es Salaam na baiskeli yake abebe jeti ya kiwandani mfukoni.

Oili. Wengi wenu mnamimina kwa macho. Kwa injini iliyokwisha kuzoea, mimi natumia mililita 40 za oili kwa lita 1 ya petroli, yaani sehemu 1 kwa 25. Nunueni bomba la sindano la mililita 10 katika duka la dawa. Chupa ya maji ya lita 1.5, ambayo ndiyo kipimo cha petroli cha barabarani, inahitaji mabomba 6. Kuna wanaosema, "Nitaongeza oili ili injini iwe salama." Ukizidisha oili, nafasi yake inachukuliwa na petroli? Hapana, kinyume chake: petroli ndiyo inayopungua ndani ya kila tone linalopita kwenye jeti, na injini inapata joto zaidi, huku masizi yakijaa kwenye tundu la moshi. Na hiyo petroli ya chupa, inuseni. Serikali kupitia EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa. Petroli yenye mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda, hasa kwa aliyepunguza kifuniko cha silinda ili kuongeza mgandamizo. Huyo hugundua tundu katikati ya pistoni.

Kwa kuwa nimekitaja kifuniko, nikimalize. Kukipunguza ni kazi halali, na kwa hewa yetu nyepesi inafaa kuliko Tanga. Lakini kupunguza kiasi gani? Chukua kipande cha lehemu laini, ile ya fundi redio, kipitishe kwenye tundu la plagi mpaka kiguse ukuta wa silinda, zungusha kranki kwa mkono pistoni ipite juu, kisha kitoe na kukipima ncha iliyobanwa. Ukikuta milimita 1.5, una nafasi. Weka msasa juu ya kioo kinene, zungusha kifuniko juu yake polepole, pima tena. Mimi sishuki chini ya milimita 0.8. Asiye na kipimo cha vernia asianze.

Na matundu: kabla ya kuchonga chochote, safisheni. Silinda hizi hutoka kiwandani na mabaki ya kuyeyushia, vinundu na makucha ya alumini ndani ya njia za pembeni. Gasketi nayo mara nyingi imeziba robo ya njia. Kuondoa makucha hayo na kulinganisha gasketi na tundu hakubadilishi mpango wa injini, na injini inapumua. Kupandisha ukingo wa juu wa tundu la moshi ni jambo jingine. Milimita 1 ni kubwa sana. Moshi unafunguliwa mapema, injini inapenda mizunguko mingi, na nguvu ya chini, ile ya kupandia mlima, inakimbia. Ukilipanua kwa pembeni kupita kiasi, ringi inajitokeza ndani ya tundu, inanasa, inakatika. Baada ya tupa ni lazima kingo zilainishwe. Hakuna video inayowaonyesha hilo kwa dakika zinazotosha.

Nimeacha ekzosi mwisho kwa sababu ndiyo yenye utajiri, na ndiyo mnayoikosea zaidi. Mnakata sailensa. Sauti inakuwa kubwa, mnadhani nguvu imeongezeka.

Mwaka 1961, katika mji wa Zschopau, Ujerumani Mashariki, alikuwako mhandisi aitwaye Walter Kaaden. Kiwanda chake, MZ, kilikuwa na fedha kidogo, na upande wa pili walikuwako Honda wa Japani na injini zao za mipigo minne, zenye vali nyingi na fedha nyingi. Kaaden alikaa miaka akisikiliza ekzosi, akiitazama mawimbi yake kwenye mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme. Mwaka huo injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu-farasi 25 kwa mizunguko 10,800, yaani nguvu-farasi 200 kwa lita moja. Hakuna aliyekuwa amefika hapo kwa injini inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Dereva wake, Ernst Degner, alikuwa akiongoza mashindano ya dunia. Mwezi Septemba, huko Kristianstad, Sweden, injini ilimfia katika mbio. Siku zile zile alitoroka asirudi nyumbani, na mkewe na watoto wakavushwa mpaka wakiwa wamefichwa ndani ya gari. Ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa mwezi uliotangulia. Degner akaenda kwa Suzuki akiwa na maarifa ya Kaaden kichwani, na mwaka 1962 akawapatia Suzuki ubingwa wa dunia wa sentimita 50, wa kwanza kwao. Kaaden alibaki Zschopau. Alifariki mwaka 1996. Kila pikipiki ya mipigo miwili yenye ekzosi nene tumboni na nyembamba mwishoni ni mwanafunzi wake.

Alisikia nini? Mlio kwenye maduara mnajua: ukipaza sauti, inashuka na kurudi. Moshi unapotoka kwenye silinda unapiga sauti ya namna hiyo ndani ya bomba. Bomba likianza kupanuka kama faneli, wimbi linalorudi ni la kuvuta, linausaidia moshi kutoka na hata linavuta mchanganyiko mpya nyuma yake. Baadhi ya mchanganyiko huo unapita na kuingia ndani ya ekzosi, petroli yako inatupwa. Sasa mbele bomba linabana tena kama faneli iliyogeuzwa. Wimbi likigonga hapo linarudi likiwa la kusukuma, linafika kwenye tundu la moshi kabla pistoni haijalifunga, linaurudisha ndani mchanganyiko uliotaka kutoroka. Ekzosi inafanya kazi ya vali, nayo haina kitu chochote kinachotembea.

Lakini lazima wimbi lifike kwa wakati, nanyi mnaweza kulihesabia safari yake. Sauti ndani ya moshi wa moto inakwenda mita 500 hivi kwa sekunde. Tuseme tundu la moshi linakaa wazi kwa digrii 160 za mzunguko. Mtapima wenyewe kwa pimapembe iliyobandikwa kwenye shafti. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko 1 ni sekunde 0.01. Digrii 160 ni sekunde 0.0044. Katika muda huo wimbi linasafiri mita 2.2, kwenda na kurudi. Nusu yake ni mita 1.1. Huo ndio urefu unaotakiwa, kutoka pistoni mpaka katikati ya faneli ya kurudishia. Kwa pembe hiyo hiyo, mizunguko 10,800 ya Kaaden ingetaka sentimita 62 tu.

Sasa mmeona. Yule anayenunua ekzosi fupi ya mashindano kwa kuwa inang'aa amejifungia bomba la mizunguko ambayo injini yake haitafika, na ikifika, beringi ndogo za kranki hazitakaa siku nyingi. Na aliyekata sailensa ametupa hata kile kidogo kilichokuwa kikirudi. Baiskeli yenu inataka bomba refu, la mita moja na zaidi kidogo, lililokunjwa vizuri chini ya fremu, likiishia na sailensa. Bati gumu, mkasi, karatasi ya kukunjia koni ya Hisabati, na fundi wa kulehemu. Nimetengeneza kadhaa. Zinapanda mlima bila pedali mahali ambapo zamani zilishindwa, tena kwa sauti ya chini.

Ndugu Mkuu wa Shule, nimefikia ombi langu. Usizipige marufuku. Weka masharti. Chombo chenye injini ni chombo cha moto mbele ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iwe Boxer au Phoenix yenye kelele. Kwa hiyo mwenye nayo aende kwa trafiki akaulize anachotakiwa kuwa nacho, avae kofia, na breki zake zikaguliwe hapa shuleni kila mwanzo wa muhula. Kazi hiyo nitaifanya mimi bila malipo. Injini hii iliyoko mezani ninaiacha kwenye maabara ya fizikia. Imekatwa ubavuni, matundu yote yanaonekana. Na kwenu ninyi wa zamani wenzangu, mnaotaka kila mwaka kupaka rangi ukuta ule ule: vipimo vya vernia 5, pimapembe kubwa 5, na seti moja ya jeti. Ni kidogo kuliko rangi. (Makofi.)



MASWALI

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu: Shikamoo fundi. Baba yangu ni mvuvi, nyumbani kuna oili ya injini ya boti. Naweza kuitumia kwenye baiskeli?

Jibu: Marahaba. Si nzuri. Oili ya boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa, ambayo haipati joto la silinda yako inayopozwa na upepo. Itafanya kazi kwa muda, kisha itaanza kuacha ringi bila ulinzi unapopanda mlima taratibu huku jua likiwaka. Tafuta oili ya mipigo miwili ya pikipiki. Ya baba mwachie baba.

Mwanachama wa miaka ya zamani: Fundi, umesema mengi, lakini mjukuu wangu anataka kubebea abiria. Kwa nini asinunue pikipiki ya mipigo minne, yakaisha?

Jibu: Mzee wangu, anunue. Kwa abiria baiskeli hii haifai, na anayeniletea kwa nia hiyo simtengenezei. Fremu haikukusudiwa watu wawili kwa kilomita 40. Hii ni ya mtu mmoja, mzigo mdogo, na ya kujifunzia. Kwa kujifunzia haina mpinzani, maana pikipiki yako ikifunguliwa kijana ataona vali, mnyororo wa ndani, na vingine vingi. Hii akifungua boliti 4 ameona yote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne: Mimi nimekwisha kukata ekzosi yangu, na tangu juzi plagi ni nyeupe. Nifanye nini?

Jibu: Kipande ulichokata unacho? (Mwanafunzi: Ndiyo, kiko nyumbani.) Kilete pamoja na baiskeli Jumatatu baada ya vipindi, tutakilehemu hapo hapo na kutazama jeti. Unakaa wapi? (Mwanafunzi: Ludete.) Isukume kwa mkono. Usiiwashe njiani.